Kutoa Upepo

Jumanne, 8 Julai 2025

Mzee Gharibu kakubali! Ijumaa nimpeleke msikitini kwa baiskeli, magoti yanamsumbua. Babake Sihaba huyo. Akifika salama, napeleka posa. Tatizo dogo: breki. Zangu ni za mafuta, siyo za waya kama za watu wote hapa Mkongo. Nikibana, mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani na baiskeli inaendelea na safari zake. Hemedy fundi kasema zimeingia upepo, nimwachie autoe. Hemedy naye anamtaka Sihaba. Thubutu! Nitautoa mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Nimenunua bomba la sindano duka la dawa. Muuzaji kauliza nani anaumwa. Baiskeli, nikamjibu. Mafuta yake maalumu mpaka Dar. Lakini mafuta ni mafuta; nimechota ya ufuta jikoni kwa mama. Nikasukuma, nikavuta, mapovu yakatoka. Mengine yamemwagikia diski inayobanwa na breki, inang'aa kweli. Jirani yetu Bi Tabu akachungulia uani, akauliza nafanya nini. Natoa upepo. Akauliza wa nani. Wangu, nikamwambia. Akaondoka mbio. Mama mstaarabu sana.

Alhamisi, 10 Julai

Bi Tabu kaja na chetezo, ubani na wanawake watatu. Eti nina upepo, wamekuja kunipunga. Nimeeleza habari za breki hadi koo likakauka. Wakasema upepo mkaidi husingizia vitu. Nimefukizwa. Nikaomba na baiskeli ifukizwe, haidhuru. Habari zimemfikia Mzee Gharibu. Kasema atapanda vivyo hivyo, ajionee.

Ijumaa, 11 Julai

Tulianza vizuri. Mzee nyuma, kanzu nyeupe. Kwenye mteremko wa msikitini nikabana breki. Kimya. Nikabana zote mbili. Tukaupita msikiti. Watu waliokuwa wakitawadha wakatutazama. Mzee akawatolea salamu. Tukaishia kwenye matita ya ufuta ya mkulima Haidari. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mzee akajipangusa, akamwambia imamu:

"Huyu bado haujamtoka."

Nimerudi nikikokota baiskeli. Roho imeniuma. Sihaba nampenda, siyo mchezo.

Jumamosi, 12 Julai

Sihaba katuma ujumbe. Kamwelewesha babake upepo wenyewe ni upi, Mzee kacheka hadi kapaliwa. Posa nipeleke kesho. Sharti moja: mimi na wazee wangu twende kwa miguu. Kwa miguu! Wazee watano, vumbi lote lile, posa gani hiyo? Rafiki yangu Abdulatifu ana guta la kubebea mizigo. Anasema ukibana breki halisimami vizuri. Nimemwambia asihangaike, fundi nipo.