Mashine Iliyokataa Kufa na Hotuba Yangu

Mgeta, milimani.

Kwa Fundi wa Kompyuta Evance, Msamvu, ambaye pia ni mpwa wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila nakujibu kabisa, maana nikishaanza kulalamika sitapata nafasi tena. Huku wote wazima, njegere zimestawi, ni mimi tu niliyeharibika.

Barua hii inahusu kompyuta uliyonipa ili niandike hotuba ya kumuaga dada yako Yustina Jumamosi ijayo. Mila yetu unaijua: binti akiolewa, anayesimama kusema ni mjomba, na mjomba ni mimi. Juzi umeme ulikatika, betri ikaisha, kioo kikawa cheusi tii. Nikabonyeza kila kitufe, kimya. Nikautangazia ukoo kwamba kompyuta imekufa, tena imekufa na hotuba yangu nzima, kurasa kwa kurasa. Mama yako alilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine haikuwa imekufa. Baadaye ulipopigiwa simu ulieleza kwamba betri ikikaribia kuisha, kila kilicho kichwani mwake inakinakili kwenye diski, ndipo inazima, kama mke wangu Filomena anavyoanua nguo zote kabla mvua haijashuka. Ikiamshwa, inaanika kila nguo pale pale ilipokuwa. Sawa, fundi. Sasa kwa nini haikuaga? Mtu mwenye adabu akienda kulala husema.

2. Kwa kuwa haikuaga, msiba wetu ulikuwa halali, na msiba una watani. Akaja Zuhura, mtani wetu, ambaye kwa mdomo humuwezi. Akaifunika kanga, akajilaza chini kuigiza ilivyokata roho, akadai jogoo wake wa utani. Halafu akasema marehemu hazikwi na njaa, akachomeka waya ukutani ili ale mara ya mwisho. Kumbe umeme ulisharudi! Akabonyeza, mashine ikawaka mbele ya ukoo mzima.

3. Hapa ndipo penye hasira yangu. Mimi nikiamshwa usingizini sikumbuki hata viatu nilikoviacha. Mashine yako ilikumbuka kila kitu: mchezo wa karata niliokuwa nacheza, zimebaki karata mbili tu nishinde, na nyuma yake hotuba yenyewe: "Yustina mwanangu," basi. Mkato, kisha weupe mpaka chini. Nani aliiomba itunze hayo? Huo ni umbea, Evance.

4. Zuhura ametangaza kwamba mjomba akikosa maneno, hotuba ataitoa yeye. Filomena akapiga makofi. Loo! Ukoo wetu usemewe na mtani mbele ya wakwe! Bora nihamie Ngerengere nisikojulikana.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote za mjomba kwa mpwa, uje uiondolee tabia hiyo ya kunakili. Ikizima, ife kabisa, iende na siri za watu. Ukishindwa, ifundishe kubagua: hotuba ibaki, karata zipotee. Na hilo likikushinda, basi uje utoe ushahidi mbele ya ukoo kwamba kurasa zangu nyingine zilidondoka njiani zikielekea kwenye diski.

Nisalimie mkeo Glory, na mafundi wenzako wote, na majirani wa Msamvu, hata wale nisiowajua.

Ni mimi mjomba wako niliyefedheheshwa,
Bonifasi.

Nyongeza: Nilipokwenda kunawa, Filomena aliisoma barua hii kwenye mashine, akaandika hapa chini kwa herufi kubwa: BARUA NDEFU HIVI UMEIMALIZA KABLA UGALI HAUJAIVA. HOTUBA JE? Kabla sijajibu umeme ukakatika, betri nayo ikaisha, mashine ikazima. Nikamshukuru Mungu. Sasa umeme umerudi, swali lake liko pale pale, na yeye amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Ukweli, mpwa wangu, ni kwamba kila nikiandika jina la Yustina naweka mkato, nafungua karata. Nimemlea yule mtoto, sitaki aondoke. Tangu umeme urudi nimeandika hotuba huku nalia, niko ukurasa wa pili, na ngurumo zimeanza huko mlimani. Tafadhali, mashine usiiguse.