Bata Wasiotaga wa Clementi

Jumatatu, 3 Februari 1975
Nimepata! Halmashauri ya kijiji imenikabidhi bata kumi niwafuge, mayai yaende zahanati. Na mfuga bata hapalilii pamba ya kijiji. Jembe nimelitupa uvunguni. Sharti ni moja: Mwenyekiti, Mzee Mniko, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kukagua mayai. Yasipoonekana, narudi kwenye pamba. Wankyo, mjane jirani yangu, naye aliwataka bata. Amekosa. Pole yake.

Jumatano, 5 Februari
Bata hawa wanaanza kelele kabla hata hakujapambazuka. Nawafungulia gizani, wanakwenda zao ziwani, mimi narudi kitandani. Bhoke, mke wangu, anasema bata hutaga alfajiri, wafungiwe mpaka jua lipande. Nimemwambia kwao Butiama hakuna ziwa, bata atawajulia wapi? Bandani nimekuta mavi tu.

Jumapili, 9 Februari
Hakuna yai hata moja! Nimewasimamisha bata nikawahutubia juu ya kujitegemea. Mmoja aliondoka katikati ya hotuba. Wankyo anapita kila asubuhi akitokea kwenye matete ya ziwani, kikapu mkononi. Leo alitaka kunieleza jambo. Nikamwambia nina kazi. Wivu tu huo.

Ijumaa, 14 Februari
Kesho ndiyo ukaguzi. Banda tupu. Sijala mchana, naliwaza lile jembe. Lakini kuku wa Bhoke analalia mayai nane. Bata atasemaje kwamba si yake?

Jumamosi, 15 Februari
Bhoke alipokwenda kuteka maji nikayahamisha. Kuku kanidonoa mkono mpaka damu. Saa tatu Mzee Mniko akafika. Nikamwambia yametagwa leo alfajiri. Akasema mbona madogo. Nikasema bata bado wageni, wanaanza taratibu. Akaliokota moja. Likalia! Likapasuka mkononi mwake, kikatoka kichwa, na mdomo wake umechongoka.

“Ndugu Clementi,” akasema, “bata wako ametaga alfajiri, na saa tatu anatuangulia kuku?”

Nikajibu kwamba kijiji chetu kinakwenda kasi. Hakucheka.

Wankyo naye akaingia na kikapu chake. Mayai ya bata thelathini na saba! Anasema kila asubuhi alikuwa akiyaokota kwenye matete, walikopita bata wangu, akayatunza kwa kuwa ni mali ya kijiji. Jumapili alikuja kunieleza, sikumsikiliza. Amekabidhiwa bata wote palepale. Bhoke amemrudishia kuku wake mayai yaliyobaki, wala hasemi nami. Hilo limeniuma kuliko habari ya jembe.

Jumatano, 19 Februari
Siku ya tatu kwenye pamba. Mgongo si wangu tena. Wankyo anawafungia bata mpaka saa tatu, na kila siku anapata mayai saba, nane. Watu wengine wana bahati! Bhoke ameanza kusema nami, maneno mawili: chukua jembe.

Nimeiandikia halmashauri barua, naomba mizinga sita ya nyuki. Huo ndio ufugaji. Nyuki hawapigi kelele alfajiri, na hawasubiri mtu wa kuwafungulia. Nimeeleza pia kwamba mizinga nitaitundika ndani, juu ya kitanda changu, ili niilinde hata nikiwa nimelala.