Wazee Kumi na Mmoja wa Miaka Tisini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Kiwanda cha sabuni kimenipa mkataba wa wiki moja. Meneja ataka kujua: je, umri huongeza utoro kazini? Ikiwa ndivyo, waliovuka hamsini watapunguzwa, nami nitaajiriwa rasmi. Shangazi, aliyenisomesha na anayenilisha, anapakia sabuni humo humo. Ana miaka hamsini na minne. Sina wasiwasi. Sayansi haina ndugu.

Jumanne, 4 Machi
Karani mkongwe wa takwimu ameshauri nitumie njia ya Spearman, inayopanga watu kwa nafasi kama matokeo ya darasani. Nikamjibu kwamba Pearson hupima namba zenyewe, na kwamba nimesoma vitabu ambavyo yeye hajaona hata majalada yake. Nikapiga hesabu. Uwiano: 0.83! Kumbe wazee kumi na mmoja wa miaka tisini na tisa bado wanapakia sabuni, na kila mmoja amekosa kazini siku tisini na tisa. Haishangazi. Magoti!

Jumatano, 5 Machi
Karani amecheka mpaka akashika meza. Akaniambia, msomi wetu, 99 ni alama ya asiyejibu. Hao kumi na mmoja waliacha wazi mahali pa umri na mahali pa utoro kwenye fomu. Wakiondolewa, uwiano ni 0.04. Yaani hakuna kitu. Akanisihi nimwambie meneja kabla ya Ijumaa. Nimwambie nini? Kwamba nimefundishwa na karani? Thubutu!

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi ameuliza kama ni kweli watu watapunguzwa. Miaka kumi na tisa hajakosa kazini hata siku moja, kasema, yeye hawatamgusa. Nikaiacha chai, nikarudi kwenye ripoti yangu. Baadaye nikapata suluhisho la kisomi: ukweli wote nimeuandika, kwa herufi ndogo, katika tanbihi ya ukurasa wa arobaini. Dhamiri safi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja alisoma ukurasa wa kwanza, akanipa mkono. Nimeajiriwa! Saa nane mchana barua zikagawiwa. Watu thelathini na wawili. Karani naye kapewa yake, na ndiye aliyemsimulia shangazi kila kitu. Shangazi alirudi nyumbani na aproni yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akaketi. Akasema taratibu, "Ungesema tu, baba. Ungesema tu."

Nikamfungulia ukurasa wa arobaini, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Hakutazama.

Hilo ndilo tatizo la jamii yetu. Watu hawasomi tanbihi.