Seva ya Ushirika wa Maji Ibatizwe

Kwa Mheshimiwa don Saturnino Arispe,
Mwenyekiti, Ushirika wa Maji, Villa Candelaria.

Nakusalimu kwa jina la Bikira wa Urkupiña. Goti lako laendeleaje? Mimi Felipa Colque, mpika chai na mfagiaji wa ofisi yako, ni mzima, ila mgongo wanung'unika kwa ndoo za maji. Ndiyo sababu ya barua hii.

Wajua mtaa wetu wa mlimani hautafunguliwa maji mpaka majina yetu yaingizwe kwenye kanzidata, na kanzidata lazima kwanza ihamie toleo jipya. Inginia Limbert imemshinda. Ana seva mbili: ya majaribio iko ghalani, ya kweli iko jirani na jiko langu. Ya majaribio hukubali kila mara. Ya kweli hufika katikati, ikaandika kosa kwa wekundu, ikazimika puu!

Malalamiko yangu, kwa heshima:

1. Mwacha mila ni mtumwa. Jumanne ya Karnivali kila ofisi hunyunyizia vyombo vyake chicha, pombe yetu ya mahindi, na kuvimwagia vipande vya karatasi za rangi, vipate baraka. Mwaka huu inginia aliziba mlango: "Doña Felipa, mama yangu, hii ni seva, si fahali wa kulima!" Laiti angekuwa fahali, tungekuwa tumeshavuna.

2. Seva ya kweli inaona wivu. Ile ya ghalani huambiwa, "Safi, mrembo wangu!" Hii huambiwa, "Wewe gunia la mavi ya llama!" Nimelea mabinti wawili, najua mambo haya huishia wapi.

3. Ya ghalani haijawahi kuonja baraka hata tone, na ndiyo inayofaulu! Mpagani anapita, Mkatoliki anaanguka. Padre anajua?

4. Anasema eti kosa ni joto. Joto, mwezi wa Juni! Nafagia na shali mbili.

Basi naomba seva ibatizwe, nawe uwe baba yake wa ubatizo, kama ulivyokuwa kwa lori la taka. Bendi ya tarumbeta ipige wakati toleo jipya likiingia. Na chicha iwe ndoo nzima. Mwaka jana, kabla inginia hajaajiriwa, niliipa kikombe kimoja tu na karatasi kidogo, nikapitishia matundu ya juu ili baraka zifike moyoni. Naona zilikuwa haba.

Msalimie doña Herminia, wajukuu, na bodi yote, hata waliokataa kuninunulia ufagio.

Wako mtiifu katika Kristo,
Felipa Colque

N.B. Adhuhuri hii inginia ameifungua seva ya kweli. Feni ilikuwa imekabwa na karatasi nyekundu, manjano na kijani, zimegandamana kwa chicha kama keki ya harusi. Kaisugua kwa brashi, na toleo jipya likaingia bila kosa hata moja. Majina ya mlimani yote yamo. Langu nimeligusa kwa kidole pale kwenye kioo, nikalia. Kisha akauliza, "Doña Felipa, nani alimnywesha huyu?" Nikatazama dari.

Sasa, Jumamosi pampu ya mlimani inafunguliwa, na ndoo mbili za chicha nimeshaziandaa. Niimwagie, au tunywe wenyewe? Tafadhali nijibu upesi.