Fulana ya Sufu ya Kupandia Ijenda

Jumatano, 14 Julai 2004

Nyakabiga, huku mjini bondeni, joto. Jioni kaja jirani, baba yake Valéry: Jumamosi tunapanda Ijenda, kule milimani, kumposea kijana wake binti aitwaye Orlane. Msemaji ni mimi! Ila Adolphe, karani mstaafu wa nyumba ya pili, atakaa kando yangu kama akiba. Akiba! Mimi niliyefundisha sarufi maisha yangu yote!

Ijenda mwezi wa saba ni baridi tupu, na msemaji akitetemeka wakwe hudhani anadanganya. Basi Adolphe atatetemeka, mimi sitatetemeka. Siri iko kwenye nguo inayogusa ngozi. Koti ni pambo tu.

Alhamisi, 15 Julai

Sokoni, kwenye marundo ya caguwa, nguo za mitumba. Nimepata fulana ya sufu, nene, mikono mirefu, ya wavuvi wa Ulaya. Nikamweleza muuzaji kwa utulivu kwamba pamba hunywa jasho na kukugandisha, ilhali sufu hupasha joto hata ikilowa. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Siku hizi hakuna mwenye subira ya kujifunza.

Adolphe naye alikuwapo. Kachagua jezi ya mpira, nyepesi kama ganda la kitunguu, namba tisa mgongoni! Nimecheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 16 Julai

Mke wangu Spéciose kainusa. "Mwalimu, hii kitu inanuka kondoo. Lete nifue."

Nimekataza. Nimemweleza, tena mara mbili, kwamba mafuta ya kondoo ndiyo yanayozuia unyevu. Ukiyaosha unabaki na kitambaa tu. Akasema basi nikalale nayo sebuleni. Nalala sebuleni. Mwili lazima uizoee.

Jumamosi, 17 Julai

Fedheha! Kwenye kizuizi cha barabarani, karibu na Ijenda, askari wakakataa gari lisipite: jana kulikuwa na risasi huko mbele. Tukashika njia ya mlimani kwa miguu, mikaratusi na ukungu. Jasho likanilowesha ndani, ukungu nje. Baridi sikuisikia. Hilo nalisisitiza!

Lakini wakwe ni watu wa ng'ombe. Mlango ukafungwa, moto ukakokwa, nami nikaanza kufuka mvuke. Nilikuwa nimefika kwenye ng'ombe wa mahari, sehemu tamu kabisa, baba yake Orlane alipoinua pua.

"Mzee," akasema polepole, "huyo ng'ombe unayemtaja, mbona ananuka kondoo?"

Kwa watu wale, kumleta kondoo kwenye maneno ya mahari ni tusi. Valéry akageuka rangi ya majivu. Nikaanza kufafanua habari za sufu mbichi. Baba yake Valéry akanivuta koti nikae.

Adolphe akasimama. Mkavu, jezi imeshamkaukia mwilini! Hatetemeki! Akasema ng'ombe yuko njiani, mzito, anatembea taratibu. Kondoo ametangulia tu kumpigia hodi. Wazee wakacheka, wakapiga makofi. Orlane tumepewa. Na mtu wa jezi namba tisa!

Jumapili, 18 Julai

Valéry kaja kushukuru. Harusi ni Agosti, Ijenda hukohuko, na kwa heshima zote ameniomba niwapokee wageni. Uani. Upande upepo unakokwenda.

Spéciose kauliza kama sasa anaweza kuifua. Nimemweleza, bila hasira, kwamba kosa halikuwa la sufu. Kosa lilikuwa la mnyama. Nimeipaka samli ya ng'ombe, ndani na nje, nikaianika juani. Mwezi ujao baba yake Orlane na ainue tena pua yake!