Figili Kwenye Beseni la Sungura

Jumatatu, 2 Februari
Mwalimu Isogai ametuita mimi na Bi Kuwabara, watunza vyura wake wawili, mbele ya matangi. Kuanzia Aprili maabara itabaki na mtunza vyura mmoja, mwenye jicho kali. Nikikosa kazi, mwanangu Haruma anakosa chekechea. Manispaa haipokei mtoto ambaye mama yake anashinda nyumbani.

Jicho la kuonea nini? Alieleza mpaka nikasinzia wima. Nilichoambulia: chini ya ubongo wa chura kuna tezi. Inatengeneza protini ndefu, kisha protini hiyo inakatwakatwa, kama tambi za udon ninazomkatia Haruma kwa mkasi wake. Kipande kimojawapo ndicho kinachomfanya chura awe mweusi akikaa kwenye sakafu nyeusi. Vyura wetu wana jeni mbili za tambi hiyo, moja kama akiba ya mwenzake. Mwalimu amezivuruga zote mbili wakiwa bado mayai. Pale alipofaulu, chura atabaki mweupe hata ndani ya tangi jeusi. Huyo ndiye anayemtaka. Ijumaa anakuja kukagua.

Jumanne, 3 Februari
Nimetazama mpaka macho yakawasha. Wote weusi kama masizi. Basi mweupe atatengenezwa. Nimemchukua mmoja mtulivu, nikamtia kwenye beseni jeupe la kumwogeshea Haruma, lile la sungura, nikamficha stoo. Ijumaa namrudisha tangini muda mfupi kabla ya Mwalimu kuingia, weusi usiwahi kumrudia. Kufikia jioni amepauka vizuri. Nimemwita Figili.

Bi Kuwabara kaniuliza mbona naingia stoo kila mara kama mwenye tumbo la kuendesha. Nikasema natafuta ufagio. Akasema ufagio ninao mkononi.

Jumatano, 4 Februari
Chekechea wamepiga simu: Haruma ana joto 37.5, achukuliwe sasa hivi. Kwao hiyo ni sawa na nyumba kuungua. Huku navaa koti nikaandika kwenye kifuniko cha beseni, kwa herufi za kitoto, zile za sauti tu, maana ndizo za haraka: kaeru. Yaani chura, asije mtu akamwaga. Ni kweli, kwa herufi hizo neno ni lile lile kwa chura, kwa kurudi nyumbani na kwa kubadilisha. Lakini mwenye akili ataelewa.

Haruma aliitema dawa shavuni mwangu. Nikamwambia mama hakasiriki, mama haondoki, na kikombe ni hiki hiki. Akanywa. Amelala kanishika sikio.

Alhamisi, 5 Februari
Mtoto bado ana homa. Ujumbe wa Bi Kuwabara: nimeshakubadilishia, pumzika mwanangu. Maji, bila shaka. Moyo mzuri, jicho butu. Nusura nimhurumie.

Ijumaa, 6 Februari
Haruma mzima, kaniuma kidole. Nimefika nikihema, nikamkuta Mwalimu yuko stoo tayari. Figili ndani ya ndoo nyeusi, mweusi kama mwani wa kufungia wali. Beseni la sungura limeoshwa na kuanikwa.

Bi Kuwabara akajieleza. Alisoma kaeru, akajua nimesema abadilishe, akabadilisha chombo. Nani anaweka chura wa maabara kwenye beseni la mtoto? Mwalimu naye akataka kujua nani. Nikasema nilikuwa napima jicho la wenzangu. Hakucheka. Akasema jeni za chura huyu zinafanya kazi kuliko aliyemficha, na kazi ni ya Bi Kuwabara.

Nikaanza kukunja aproni. Bi Kuwabara akasema mgongo wake hauwezi juma zima. Tugawane siku, la sivyo na yeye anaacha, Mwalimu awalishe mwenyewe. Mwalimu aliwatazama vyura, akakubali.

Nje nilimuuliza Bi Kuwabara kwa nini. Akasema bila mimi atakuwa anaongea na matangi, na matangi hayana vituko.

Jumatatu, 9 Februari
Manispaa wamesema siku hizo zinatosha. Haruma anabaki chekechea. Nimelia kidogo chooni, nikanawa, nikaapa: hila basi.

Mchana Mwalimu akadokeza kuwa anamtamani pia chura wa kinyume, anayebaki mweusi kwenye sakafu nyeupe. Akipatikana, huenda siku za kazi zikaongezeka.

Nyumbani nina chungu cheusi cha kupikia mchuzi wa oden. Chura anaenea. Safari hii kifuniko kitaandikwa kwa herufi za wasomi, ambazo kila maana ina yake, mtu asikosee. Kesho nitamwomba Bi Kuwabara anionyeshe chura anavyoandikwa.