Nungunungu Kwenye Kiti Changu

Jumatatu, 1 Septemba

Kabla sijamaliza chai, mke wangu ametangaza kwamba Jumamosi atampeleka kitindamimba wetu akanyolewe kwa Manukato. Nimeuliza kama nimesikia vizuri. Nimesikia vizuri. Binti wa kinyozi aende kunyolewa kwa kinyozi mwingine, ng'ambo ya barabara, mchana kweupe, juma la mwisho kabla ya shule kufunguliwa na mtaa mzima uko nje!

Kisa ni sikio. Muhula uliopita mashine iliteleza kidogo. Kidogo sana. Sikio bado lipo na linasikia, hasa mwenyewe akiitwa kula. Lakini tangu siku hiyo mtoto akiniona na mashine anajificha nyuma ya mama yake.

Huyo Manukato hana ufundi wowote. Anampulizia kila mteja marashi shingoni, basi, watu wanadhani wamenyolewa vizuri. Leo amenipungia brashi kutoka mlangoni kwake. Dharau tupu! Jumamosi binti yangu atakaa kwenye kiti changu, la sivyo naacha kazi hii nikauze kofia.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepata! Televisheni. Mtoto akitazama katuni hata umchune ngozi hana habari.

Nimekwenda kwa dada yangu kuazima filamu ya zamani, ile ya nungunungu tuliyotazama utotoni. Wakati ule niliidharau sana, nilitaka filamu za ngumi. Nakumbuka kitu kimoja tu: ndani yake kuna kinyozi. Nyani mzima na mkasi wake, kioo na kiti. Filamu ya watoto yenye kinyozi! Ningetafuta nini tena?

Dada ameniuliza kama nakumbuka inavyoendelea. Nimemwambia katuni haina cha kukumbuka. Amecheka mpaka akashika mlango. Sijui alichekea nini. Nimerudi nikabandika tangazo kubwa: NYOLEWA HUKU UKITAZAMA.

Jumatano, 3 Septemba

Asubuhi, ushindi mtupu! Watoto wamejaa benchi, wamejaa sakafu, wengine wamekalia ndoo. Manukato amesimama mlangoni kwake na mikono kifuani, hana hata nzi. Binti yangu naye alikuja. Alikaa karibu na mlango, mbali na kiti, lakini alikuja.

Filamu ikaanza. Nungunungu mdogo wa kike anahuzunika kwa sababu miiba yake inachoma na hakuna anayemkumbatia. Akaamua kwenda kwa nyani kinyozi akakatwe miiba yote. Nikawaonyesha watoto kwa kidole: mnaona, kinyozi huyo! Msaada umefika!

Kumbe nyani ni jambazi. Anawanyoa wanyama wote vipara, kisha manyoya yao anajazia mto wake wa kulalia. Nilipowasha mashine juu ya kichwa cha mteja wa kwanza, nyani naye akainua mkasi, na wanyama wote msituni wakaanza kuimba kwamba usikate, usikate, usikate. Watoto wakanigeukia kama kundi. Mteja akaruka kitini na kukimbia na kitambaa changu shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. Wengine nyuma yake. Binti yangu mbele ya wote!

Tukabaki mimi na nyani, tunatazamana.

Mama wa yule wa nusu kichwa amempeleka amaliziwe kwa Manukato.

Alhamisi, 4 Septemba

Hakuna mteja. Watoto wanapita nje wakiniimbia usikate.

Nimeitazama filamu peke yangu, kwa sababu za kikazi tu, nijue pa kuizima kabla nyani hajatokea. Kwanza, yule nyani anashika mkasi vibaya. Pili, hafuti vifaa kwa spiriti. Nimekasirika kwa niaba ya vinyozi wote. Kisha nikasema nitazame kidogo tu mbele.

Nungunungu anatoroka, mvua inanyesha, anaogopa kurudi nyumbani. Baba yake anamtafuta msitu mzima. Anampata. Analala chali kwenye matope na kufungua mikono, kwa sababu tumboni nungunungu hana miiba. Mtoto anamsogelea polepole, anaweka kichwa chake pale.

Mke wangu ameniletea chakula akanikuta nafuta macho. Nimemwambia poda imeniingia. Amesema kopo la poda limefungwa.

Nimeirudisha nyuma nikaitazama tena. Naipenda. Basi, nimeandika. Yule mtoto niliyekuwa, wa filamu za ngumi, alikuwa mjinga kweli.

Ijumaa, 5 Septemba

Binti amechungulia na kuuliza kama nungunungu bado yupo. Yupo! Tumetazama sote. Nyani alipotokea, binti alifunika sikio lake kwa kiganja. Lile sikio. Nimejisikia vibaya sana.

Yule baba alipolala chali, nikasimama, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikajifunga kitambaa na kumpa binti mashine.

"Nikunyoe wewe, baba?"

Nikamwambia aanze popote, ila masikio nayapenda.

Ameninyoa huku ametoa ulimi nje kwa umakini. Kushoto safi, kulia karibu safi, na katikati akaacha mstari wa nywele, akaupaka jeli mpaka ukasimama wima. Nungunungu! Watoto waliokuwa wakipita wakakwama dirishani. Wote wakataka kichwa kama changu. Nimewaambia ni mtindo mpya niliokuwa nikiuandaa kwa muda mrefu.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo iandikwe kwa wino mzito! Foleni imefika mpaka kwa fundi viatu. Na wa kwanza kupanda kitini, mbele ya mtaa mzima na Manukato akiona, ni binti yangu. Nimenyoa taratibu. Akaomba wimbo, nikamwimbia usikate huku nakata. Masikio mawili yamepanda, masikio mawili yameshuka.

Alipomaliza kujitazama kwenye kioo akanikumbatia, miiba yake ikanichoma kidevuni. Sijawahi kuchomwa vizuri hivyo. Manukato nimempungia brashi.

Jumatatu, 8 Septemba

Shule imefunguliwa, na mwalimu mkuu amewarudisha nyumbani nungunungu wote wakiwa getini.

Nimewaona akina mama wakija kama mafuriko, nikajifungia stoo. Wakavuka kwa Manukato. Watoto wakagoma: kwake hakuna filamu! Basi wakarudi kwangu, na mimi nikatoka stoo nikisema nilikuwa natafuta taulo. Nimewanyoa upya wote, bure, kwa amri ya akina mama. Hakuna aliyekimbia. Nyani akitokea wanamzomea yeye, wananishangilia mimi!

Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe kunikaripia. Akakaa kusubiri nimalize kichwa kimoja. Baba nungunungu alipolala chali, mwalimu akavua miwani na kulalamika kwamba saluni yangu ina poda nyingi. Ameondoka bila kunikaripia.

Jumanne, 9 Septemba

Manukato amenunua televisheni. Kubwa kuliko yangu. Sina wasiwasi, mimi sasa ni mtaalamu.

Nimekwenda kwa dada nikaazima filamu nyingine ya utotoni. Sijaitazama, hakuna haja. Jalada linajieleza: kondoo mnene anakimbia, na nyuma yake mtu mwenye mkasi mkubwa anakenua meno. Ni marafiki hao, wanacheza. Tangazo nimeshabandika.

Dada ameniuliza kama nakumbuka inavyoendelea. Nimemwambia katuni haina cha kukumbuka. Amecheka mpaka akakaa chini. Ana furaha sana siku hizi, dada yangu.